Ndoo, Vipimo na Chupa: Zana za Mtu Anayeanza Kutengeneza Pombe Nyumbani Kigoma



Swali nililopewa ni hili: mtu anayetaka kuanza kutengeneza pombe nyumbani kwake, hapa Kigoma, anunue nini? Nitalijibu sasa hivi, kisha muda uliobaki nieleze sababu. Anunue ndoo mpya ya plastiki ya chakula yenye mfuniko unaobana, kipimajoto, haidromita, mpira wa kunyonyea na chupa zilizoundwa kuhimili gesi. Sufuria, beseni na kitambaa cha kuchujia anavyo tayari jikoni. Vingine vyote visubiri mpaka mikono izoee kazi.

Ujiji ni mji wa misikiti na madrasa, na wengi mlioketi hapa hamgusi kileo. Nawaheshimu kwa hilo, wala sikuja kumshawishi mtu aanze kunywa. Lakini kuchacha ndiko kunakotupa pia togwa, siki na maziwa mgando, na kanuni za usafi ni zilezile. Tena hata asiyekunywa ana haki ya kudai kwamba pombe ya jirani yake isimpofushe mtu macho.

Seti ya dukani iliundwa kwa ajili ya nani

Kule Uingereza, mtu aliyetengeneza bia nyumbani kwa matumizi yake aliondolewa sharti la leseni mwaka 1963. Marekani ilifuata: Rais Jimmy Carter alitia saini sheria mwaka 1978, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Hapo ndipo biashara ya seti za wanaoanza ilipopata nguvu. Seti mashuhuri ya Coopers, kampuni ya bia ya Australia, ni mfano mzuri. Ndani yake kuna kopo la kilo 1.7 la shira nzito ya kimea cha shayiri iliyokwisha kutiwa uchungu wa hopsi, na pakiti ndogo ya hamira. Mtu anaongeza sukari na maji, anapata lita 23 za bia.

Seti hiyo si mbaya. Ila iliundwa kwa ajili ya mtu mwenye duka la vifaa mtaa wa pili na nyumba yenye ubaridi. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa, reli ya kati ina zaidi ya kilomita 1,200, na hamira iliyokaa kwenye joto la mizigo siku nyingi hufika imechoka. Bia nyepesi za aina ya laga zinataka kuchacha katika nyuzi 8 hadi 13 za Selsiasi. Bia za aina ya eili, nyuzi 18 hadi 22. Chumba cha kawaida cha Kigoma mchana kinacheza kwenye nyuzi 25 na zaidi. Halafu kopo likiisha, kazi imesimama mpaka lije jingine. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Sisi tunazo malighafi zetu. Ndizi zinashuka kutoka Manyovu na Kasulu. Mtama na ulezi vipo sokoni. Asali ya miombo inatoka Kibondo na Uvinza. Majirani zetu Warundi wana urwarwa wa ndizi na impeke ya mtama. Wachaga wana mbege ya ndizi na ulezi. Na Arusha kuna kiwanda cha Banana Investments, ambacho kinywaji chake cha ndizi, Raha, kinauzwa kwa chupa dukani kama bia nyingine yoyote. Kwa hiyo anayeanza hapa achague kwanza kinywaji kinachokubali joto letu, kisha anunue vyombo vya kukitengenezea. Ushauri wangu: aanze na wanzuki, yaani pombe ya asali, au pombe ya ndizi. Zote mbili hazidai kimea cha shayiri wala jokofu.

Chombo cha kuchachishia

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika, kwa sababu Kigoma ina vyombo vingi vya bure na karibu vyote havifai.

Cha kwanza ni dumu la lita 20 lililobeba mawese. Yamejaa kila uani. Lakini mafuta hujishika kwenye plastiki, na hata ukilisugua kwa sabuni na mchanga utabaki utando mwembamba unaoua povu na kuacha harufu ya mafuta yaliyochina. Mchanga wenyewe unaongeza balaa, kwa kuwa kila mkwaruzo ndani ya plastiki ni mfereji wa kujificha bakteria, na dawa haiufikii. Dumu la mawese libaki na mawese.

Cha pili ni ndoo ya rangi ya nyumba. Ina mfuniko mzuri unaobana, na ni bei ya chini. Lakini haikutengenezwa kwa chakula, na pombe ni kimiminika chenye asidi na kileo, vitu viwili hodari wa kunyonya kilichojificha ndani ya plastiki. Mapipa yaliyoletwa na dawa za kilimo au kemikali za viwandani hayazungumziki kabisa.

Cha tatu ni ndoo ya bati. Bati hupakwa zinki ili lisishike kutu, na asidi ya pombe huiyeyusha zinki hiyo. Anayekunywa atasokotwa na tumbo na kutapika, halafu lawama itaangukia ndizi. Pipa la chuma tupu nalo lina hatari yake ya polepole: kusini mwa Afrika, madaktari wa karne iliyopita walieleza ugonjwa wa watu ambao maini yao yalijaa madini ya chuma baada ya kunywa kwa miaka mingi pombe iliyochachishwa katika mapipa ya namna hiyo.

Mtungi wa udongo nauheshimu. Unapumua, na maji yanayotoka jasho kwenye ngozi yake huupoza. Bibi zetu walikuwa na sababu ya kuupenda. Tatizo lake kwa anayeanza ni vinyweleo hivyohivyo. Wadudu wa pombe ya juzi wanabaki ndani. Mpishi mzoefu anaujua mtungi wake na hutumia uchachu huo kama mbegu ya pombe inayofuata. Mgeni wa kazi hajui kilichobaki humo ni chachu njema au ni wadudu wa siki.

Kwa hiyo chukua ndoo mpya. Igeuze utazame kitako chake: alama ya pembetatu yenye namba 2 au 5 inaonyesha aina ya plastiki inayotumika sana kwa vyombo vya chakula, lakini ndoo yenyewe iwe imeuzwa kwa ajili ya chakula. Ukubwa wa lita 10 unatosha kabisa mwanzoni. Toboa mfuniko tundu moja dogo, pitisha mpira mwembamba, bana pembeni isivuje, na ncha ya pili ya mpira itumbukize kwenye kikombe cha maji. Gesi inatoka ikibubujika, hewa na nzi havirudi ndani. Usifunge ndoo kwa kukaza bila njia ya gesi: kilo 1 ya sukari ikichacha yote inatoa karibu nusu kilo ya gesi ya kaboni, na gesi hiyo lazima itafute pa kutokea.

Koki chini ya ndoo inapendeza machoni. Mimi nasema iache. Ndani ya koki kuna pembe zisizofikika kwa brashi, na humo ndimo uchachu mbaya unapoanzia. Mpira wa kunyonyea unafanya kazi ileile, na ukichakaa unatupwa.

Vipimo viwili

Nikiambiwa nichague tofauti moja kati ya anayebahatisha na anayejua anachofanya, nitasema ni vipimo. Na ni viwili tu.

Kipimajoto ni cha kwanza. Ukikinunua, kijaribu kwenye maji yanayochemka. Hapa ziwani tuko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka karibu na nyuzi 97 na nusu. Kikisoma 97 au 98, kipimajoto chako ni kizima. Kikisoma 100, kinazidisha. Kazi yake kubwa ni kukuzuia usiue hamira. Hamira ikitiwa kwenye maji ya nyuzi 55 inakufa, na juu ya 40 inateseka. Subiri mchanganyiko ushuke chini ya 30. Na kwa kuwa kuchacha kwenyewe hutoa joto, ndoo inaweza kupanda nyuzi kadhaa juu ya joto la chumba. Ikizidi sana, pombe hutoa harufu kali na kumpa mnywaji kichwa kizito. Dawa yake ni rahisi: simamisha ndoo ndani ya beseni la maji, ifunge kitambaa kilicholowa, iweke mahali penye upepo wa ziwa na kivuli. Maji yanayokauka kwenye kitambaa huondoka na joto.

Haidromita ni cha pili. Ni kijiti cha kioo chenye uzito chini, kinachoelea. Katika maji matupu kinasoma 1.000. Sukari ikiwemo, kinapanda. Hamira ikila sukari na kuacha kileo, kinashuka. Tuchukue wanzuki. Kilo 1 ya asali ikiongezwa maji mpaka ifike lita 8, haidromita itasoma karibu 1.036. Baada ya wiki mbili au zaidi kidogo itasoma 1.000. Tofauti ni pointi 36. Zidisha kwa 0.13, unapata kileo cha asilimia 4.7, karibu sawa na bia nyingi za dukani. Kilo hiyohiyo ukiiongezea maji mpaka lita 5 tu, itaanza karibu na 1.058, na mwisho wake ni kinywaji cha asilimia 7 na nusu. Macho hayaoni tofauti hiyo, wala ulimi hauioni vizuri kwa sababu ya utamu. Mgeni anayekunywa bilauri tatu ataiona akiinuka kitini.

Tahadhari moja kwa hali yetu ya hewa: haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Ukipima kwenye nyuzi 28, ongeza 0.002 kwenye usomaji wako.

Kazi ya pili ya haidromita ni kukuambia lini pombe imekwisha kuchacha. Ikisoma namba ileile siku tatu mfululizo, hamira imemaliza. Ukijaza chupa kabla ya hapo, umetengeneza bomu.

Maji yetu na nyasi zetu

Mwaka 1909, Søren Sørensen, mkemia wa maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, alibuni pH, kipimo cha asidi tunachokitumia mpaka leo shuleni na hospitalini. Kipimo hicho kilizaliwa katika maabara ya kampuni ya bia kwa sababu asidi ya maji ndiyo inayoamua kama vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari vitafanya kazi. Kimea kinataka pH ya kama 5.2 hadi 5.6 kinapolowekwa kwenye maji ya moto. Maji ya Tanganyika, ambayo ndiyo maji ya bomba ya mji huu, yana pH inayokaribia 9. Ni maji mazuri ya kunywa yakisafishwa, lakini yanapinga asidi. Anayetumia kimea cha mtama kwa maji haya bila kuyarekebisha atapata sukari kidogo na ukakasi mwingi kutoka kwenye maganda. Tone tone la limao huku ukipima kwa karatasi ya pH linasaidia, na maji ya mvua ya masika yanasaidia zaidi. Asali na ndizi zina asidi yake zenyewe, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuanza nazo.

Maji ya bomba yana klorini pia. Yachemshe, au yaache wazi usiku kucha, la sivyo pombe itanuka kama dawa ya zahanati.

Sasa ndizi. Vijana wengi huniuliza juu ya blenda. Nawaomba wamtazame mama wa Buhigwe akifanya kazi. Ndizi amezivundika siku kadhaa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba, zikaiva sawasawa mpaka ganda limekuwa jepesi. Anazimenya, anaziweka kwenye beseni au kwenye mtumbwi wa mti, anaongeza konzi za nyasi ngumu zilizooshwa, anaanza kukanda. Mwanzoni ni uji mzito unaong'ang'ania vidole. Anaendelea kukanda bila papara, na ghafla uji unakatika: nyama ya ndizi inajifunga kwenye nyasi, na maji maangavu ya rangi ya dhahabu yanateremka chini. Blenda haiwezi kazi hiyo. Blenda inasaga kila kitu kuwa rojo laini lisilochujika, hata ulisubirishe kwenye kitambaa usiku mzima. Nyasi za bure zinashinda mashine ya umeme, na anayeanza asitoe hela yake kwa blenda.

Anachokosa mama huyo ni haidromita. Juisi ya ndizi zilizoiva vizuri huweza kusoma zaidi ya 1.070 kabla ya kuongezwa maji. Yeye huongeza maji kwa jicho, kisha unga wa mtama uliokaangwa, anafunika, na siku ya pili au ya tatu pombe iko tayari. Jicho lake ni zuri. Lakini ndizi za kiangazi na za masika hazina sukari sawa, na mteja wake hajui anakunywa asilimia 4 au 8. Kijiti kimoja cha kioo kingemaliza jambo hilo.

Usafi na chupa

Kuna hatua mbili ambazo watu huzichanganya. Kusafisha ni kuondoa uchafu unaoonekana, kwa sabuni na kitambaa laini. Kuua vijidudu kunakuja baada ya hapo, kwa maji yanayochemka kwa vyombo vya chuma na kioo kigumu, au kwa dawa ya klorini ya dukani iliyochanganywa na maji kwa vyombo vya plastiki, kisha kusuuza kwa maji yaliyochemshwa. Dawa juu ya uchafu haifanyi kazi. Kila kinachogusa pombe baada ya kupoa, kuanzia mwiko hadi haidromita, kipite hatua hizo zote mbili.

Kwa chupa, wanaoanza watumie chupa za plastiki za soda. Zimeundwa kuhimili gesi, na unaweza kuzibonyeza kwa vidole kujua zimejaa kiasi gani: ikiwa ngumu kama jiwe, iweke kwenye ubaridi na uifungue polepole. Chupa za maji ya kunywa ni laini mno, hazifai. Ukitaka mapovu, tia sukari gramu 3 katika kila chupa ya nusu lita, chini kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Ukizidisha kwa kupenda utamu, chupa itapasuka. Chupa ya kioo ikipasuka inakata watu.

Mipaka isiyovukwa

Mpaka wa kwanza ni gongo, yaani pombe ya kuvukizwa. Ndoo na hamira havizai sumu ya kutosha kumuua mtu kwa bilauri moja. Maafa tunayoyasikia huja pale mtu anapotia kemikali za viwandani ili kinywaji kiwe kikali, au anapouza pombe ya viwandani yenye methanoli kama kinywaji. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa nchini Kenya kwa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Hapa Tanzania, kuchemsha gongo bila leseni ni kosa kisheria. Katika orodha yangu ya vifaa hakuna bomba wala pipa la kuvukizia, na visiwemo katika yenu.

Mpaka wa pili ni nafaka yenye kuvu. Kuchacha hakuondoi sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Mtama au ulezi ulioota ukungu wakati wa kutengeneza kimea utupwe, usisagwe ukafichwa ndani ya pombe.

Mpaka wa tatu ni biashara. Ukishaanza kuuza, umeingia katika sheria ya vileo, na unahitaji leseni. Nenda kwa afisa biashara wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji au wa halmashauri yako kabla hujamuuzia mtu bilauri ya kwanza. Mtoto na mama mjamzito hawapewi, hata kama pombe ni nyepesi.

Hukumu yangu

Ndugu zangu, ufundi huu mwambao huu unao tangu zamani, na umebebwa zaidi na wanawake, ambao wamesomesha watoto na kujenga nyumba kwa fedha ya kilabuni. Hawahitaji mtu wa mbali awafundishe ladha. Kinachopungua ni kurudia: kutengeneza leo pombe ileile iliyosifiwa wiki iliyopita, na kumwambia mnywaji kwa uhakika nguvu yake. Hilo linaletwa na chombo safi, kipimajoto, haidromita na daftari la kuandikia namba.

Kwa hiyo anayeanza aanze na lita 8 za wanzuki, si pipa zima. Apime siku ya kwanza, apime siku ya mwisho, aandike. Baada ya hapo aende kwenye ndizi, na kimea akiache mpaka awe ameyaelewa maji yetu. Nanyi kina mama mnaopika kwa ajili ya kilabu, nawaomba mchangiane katika vikundi vyenu vya kuweka na kukopa, mnunue haidromita moja ya kikundi na kipimajoto kimoja. Mkinunua hivyo viwili kabla ya kitu kingine chochote, mtakuwa mmenunua vizuri.